Probox inatetemeka baada ya klachi mpya, nani hubalansi flaiwili hapa Nakuru?

JirahWaShabab
Wakuu salamu. Nko na Probox manual, ile ya 1500cc injini ya 1NZ, kazi yake ni kubeba bidhaa Nakuru hadi Molo na siku zingine inafika Olenguruone. Klachi ilikuwa imeisha kabisa, ukifika mlima wa Sachangwan na mzigo injini inalia juu na gari haisongi. Nikaipeleka gereji moja upande wa Industrial Area, wakaweka klachi pleti, presha pleti na rilisi beringi zote mpya, flaiwili (lile gurudumu zito nyuma ya injini lenye klachi inashikia) ikapelekwa kwa leithi, mashini ya kuchonga chuma, ikachongwa ju ilikuwa na madoa ya bluu ya kuchomeka.

Klachi yenyewe iko poa, inashika vizuri na haitelezi. Shida ni gari sasa inatetemeka. Ikinguruma tu bila kukanyagwa huskii kitu, lakini nikiongeza mafuta ikifika RPM (mizunguko kwa dakika) 2500 hivi inaanza, 3000 dashibodi inapiga kelele na gia liva inacheza mkononi, 3500 unaiskia mpaka kwa kiti. Na hapo gari imesimama kwa nutro, haiendi popote. Hii kitu haikuwepo kabla ya klachi, nasema mapema ju najua kuna mtu atakuja na mauntingi, zile raba zinashikilia injini. Waliofanya kazi wanasema eti pleti ni feki ninunue kit ingine, fundi mwingine ananiambia flaiwili inataka kubalansiwa, yaani uzito uwe sawa pande zote, na hiyo mashini iko Nairobi tu. Mwenye anajua anisaidie kabla nitoe pesa mara mbili.

kijana_wa_bypass
Ni mauntingi.

JirahWaShabab
😂😂 si nimesema

Fundi_Kibuye
Omera, mtu ameandika na bado unamwambia mauntingi. Mauntingi ikikufa gari hutetemeka zaidi ikiwa chini kabisa, ama inagonga ukitoka, ama ukiachilia mafuta ghafla. Hii yake inakuja juu na inazidi vile RPM inapanda, hiyo ni kitu inazunguka na haijakaa katikati.

@JirahWaShabab kabla mtu ashushe gia boksi tena fanya hivi. Gari isimame, handbreki juu, injini iwe imepata moto. Pandisha mpaka pale inatetemeka vizuri na ushikilie hapo, alafu kanyaga klachi mpaka chini na uhesabu sekunde kadhaa ili ile pleti ya katikati ipoteze mzunguko. Ikiwa tetemeko imepungua ama imeisha, shida iko kwa klachi pleti ama shafti ya gia boksi, kwa sababu ukikanyaga hizo ndio zinaachana na injini. Ikiwa imebaki vile vile, basi iko kwa vitu zimefungwa na krenki (shafti kuu ya injini) moja kwa moja, yaani flaiwili, presha pleti, ama puli ya mbele.

Alafu toa mkanda wa mbele uwashe bila mkanda kwa muda mfupi, upandishe tena. Hapo umeondoa oltaneta, pampu ya maji na kompresa ya AC kwa kesi. Usiiache ikinguruma muda mrefu hivyo ju hiyo injini pampu ya maji inaendeshwa na huo mkanda, itapanda joto. Ingia na majibu.

DerevaBusia_Ksm
Mimi pia iko na hii shida kwa Hiace. Nikitoka stage Kondele nikiachilia klachi gari inatikisika tigi tigi tigi mpaka abiria wanaangaliana, ikishaingia gia ya pili inatulia. Nayo inataka balansi?

Fundi_Kibuye
Hapana, yako ni kitu ingine kabisa. Hiyo ya kutikisika wakati wa kuachilia ni klachi inashika na kuachilia, kushika na kuachilia. Angalia kama oili sili ya nyuma ya krenki inavuja na pleti imekunywa oili, angalia kama uso wa flaiwili una madoa magumu ya kuchomeka, na kwako mauntingi inaweza kuhusika kweli. Huyo wa bypass angekujibu wewe angekuwa sawa 😂. Balansi haihusiani na kuachilia klachi, inahusiana na spidi ya mzunguko peke yake.

MzeeWaCanter
Vijana mnapenda kujitafutia gharama. Mimi nimefunga klachi za Canter hapa Webuye tangu enzi za barabara ya zamani na sijawahi kubalansi flaiwili hata moja. Unachonga unafunga unaenda. Hizo ni vitu vya watu wa rali.

Mwl_Njoro
Mzee wangu shikamoo, unachosema ni kweli kwa Canter na sababu yake iko. Nguvu ya kitu kilichoegemea upande mmoja inapanda na mraba wa spidi. RPM ikiongezeka mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne. Niwape hesabu tuone.

Chukua gramu 20 za ziada, zimekaa upande mmoja milimita 120 kutoka katikati ya flaiwili. Gramu 20 ni kidogo, boliti moja na washa yake inaweza kufika hapo. Kwa RPM 750 zinavuta krenki kwa nguvu ya kama kilo moja na nusu, hakuna atakayehisi. Kwa RPM 3000 nguvu ni kilo 24. Kwa 6000 ni karibu kilo 97, na hiyo nguvu inazunguka ikibadilisha upande mara 100 kwa kila sekunde, yote ikibebwa na beringi ya nyuma ya krenki.

Dizeli ya Canter haizidi sana 3000 na kitu, tena chesisi ni nzito na kebini inatikisika yenyewe, kwa hivyo hata flaiwili ikiwa na kosa dereva hatalijua. Probox ni gari jepesi la petroli linalopanda mpaka 6000, kosa lile lile litaonekana. Ndiyo maana pia ndugu Jirah haskii kitu gari likinguruma polepole. Hilo tu, kabla ya kufungua chochote, linaelekeza kwenye uzito usio sawa. Injini inayokosa moto silinda moja ingetetemeka kuanzia chini.

Na kama una simu nzuri, pakua programu ya kupima mtetemo, zile zinazochora spektra (mchoro unaoonyesha mtetemo uko kwenye kasi gani), uilaze simu juu ya konsoli karibu na gia liva. RPM 3000 ni mizunguko 50 kwa sekunde, yaani 50 Hz. Ukiona mlima mkubwa kwenye 50 Hz basi ni kitu kinachozunguka sawasawa na krenki. Ukiona kwenye 100 Hz, hayo ni mengine, tutaongea.

MzeeWaCanter
Marahaba mwalimu. Hapo kwa hesabu nimekuelewa lakini bado nasema ni gharama.

otomatiki_gang
Uza hiyo kitu ununue otomatiki, stress zote kwisha

JirahWaShabab
Otomatiki na viazi gunia nane kupanda Sachangwan? Endelea kuota bro.

Majibu sasa. Nimekanyaga klachi nikashikilia, tetemeko haijabadilika hata kidogo. Nimetoa mkanda na msaada wa jirani, bado iko. Nimepakua hiyo app, kwa 3000 kuna mlima mmoja umesimama kwa 50 na kidogo, kuna kamlima kengine kadogo kwa 100. Puli ya mbele nimeangalia kwa macho raba yake haijapasuka na haichezi.

Fundi_Kibuye
Sasa tuko pamoja. Flaiwili ama presha pleti, ama vile zilifungwa, na mimi naanza na hiyo ya mwisho.

Watu wengi wakiskia balansi wanafikiria mashini ya kompyuta. Mimi nikiletewa gari imetetemeka baada ya klachi, kitu ya kwanza naangalia ni zile pini za doweli kwa uso wa flaiwili. Hizo ndio zinaweka presha pleti katikati. Boliti haziweki katikati, boliti zinakaza tu, tundu zake huwa kubwa kuliko boliti yenyewe. Sasa flaiwili ikienda kwa leithi yule fundi anapiga doweli zitoke ili apate kuchonga uso wote, zinaingia kwa mfuko wa ovaroli, alafu zinapotea. Mtu anafunga presha pleti na boliti peke yake, anaona imekaza, anapandisha gia boksi. Klachi itafanya kazi lakini kava, yaani hiyo presha pleti na ganda lake, imekaa pembeni.

Kitu ya pili, walisafisha uso wa krenki kabla ya kurudisha flaiwili? Kapande kadogo ka kutu ama gundi ya zamani hapo chini, ukifunga flaiwili inalala upande. Na ya tatu, yule wa leithi alishika flaiwili wapi? Inatakiwa ikae kwa tundu la katikati na ule uso unaokaa kwa krenki. Wengine wanaishika kwa meno ya stata ju ni rahisi, na ile ringi ya meno ilipigwa moto ikaingizwa, haina haja ya kuwa katikati kamili. Ikikaa imeinama kidogo kwa chaki (zile taya za leithi) basi atachonga upande mmoja zaidi ya mwingine, hapo umepata makosa mawili kwa bei ya moja.

Mwl_Njoro
Niongezee namba hapo kwa doweli maana watu hawaamini. Tuseme kava nzima ya klachi ya gari dogo ina kilo 4 na imekaa nusu milimita pembeni. Kilo 4 mara nusu milimita ni gramu-milimita 2000. Hiyo ni sawa na kubandika gramu 16 kwenye ukingo, milimita 125 kutoka katikati.

Sasa linganisha na kinachokubalika. Kiwango cha kimataifa kilichokuwa kikiitwa ISO 1940, siku hizi ni ISO 21940, kina madaraja, na flaiwili za magari ya kawaida kwa kawaida hubalansiwa kwa G6.3. Kwa seti ya kilo 10 inayozunguka mpaka 6000 hiyo inatoa gramu-milimita 100 tu. Yaani hata gramu moja haifiki kwenye ule ukingo. Mtu anaweza kulipa Nairobi abalansiwe mpaka chini ya gramu moja, kisha fundi akafunga bila doweli akarudisha gramu 16 kwa dakika kumi.

NyatiWaSolai
Mwalimu umeniua na hiyo. Sasa swali, kwa balansi wanaweka zote tatu pamoja ama? Ju kuna mtu aliniambia unafunga flaiwili, pleti na kava, unazungusha yote mara moja.

Fundi_Kibuye
Flaiwili na kava sawa. Pleti ya katikati hapana.

rali_ni_maisha
Mimi nimeona kwa service park ya Naivasha wanabalansi yote pamoja na pleti ndani. Hao ni watu wa WRC, rali ya dunia, wanajua kazi.

Mwl_Njoro
Sijui uliona nini huko ndugu yangu, lakini fikiria kidogo. Flaiwili imefungwa kwa krenki, kava imefungwa kwa flaiwili, hizo mbili hukaa vile vile milele mpaka ufungue. Klachi pleti iko kwenye meno ya shafti ya gia boksi, na kila ukikanyaga klachi inaachana na flaiwili, ukiachilia inashika mahali pengine. Ukichukua kosa la pleti ukalisahihisha kwa kutoboa flaiwili, yamefutana leo, ila mara ya kwanza ukibadilisha gia pleti inaweza kugeuka nusu mzunguko na makosa mawili yakajumlishana. Pleti inabalansiwa peke yake juu ya shafti yenye meno yanayoingiana nayo. Wakiiweka ndani wakati wa kuzungusha, labda ni ili presha pleti ikae pale inapokaa ikiwa kazini, hilo naweza kulielewa, lakini huwezi kusahihisha kosa lake kwa kutoboa kingine.

rali_ni_maisha
Sawa labda ilikuwa hivyo

NyatiWaSolai
Na ukishabalansi ukinunua klachi ingine miaka ijayo si umerudi mwanzo?

Fundi_Kibuye
Swali nzuri. Ndio maana unaanza na flaiwili peke yake mpaka iwe safi. Alafu unafunga kava kwa doweli, na ukiona uzito sasa unajua ni wa kava, unausahihisha kwa kava, hugusi flaiwili tena. Siku ya kununua kava mpya unabalansi hiyo kava tu. Alafu kabla ya kufungua unapiga panchi alama moja kwa flaiwili na moja kwa ukingo wa kava zikiangaliana, ili ikifunguliwa irudi vile ilikuwa. Alama ya chokaa ama maka peni usiniletee, oili inakula.

JirahWaShabab
Sawa sawa. Fundi na sisi wa Nakuru wenye hatuna pesa ya Nairobi? Kuna njia ya mtaa?

Fundi_Kibuye
Iko na nitakuambia vile sisi hufanya hapa Kibuye, lakini ni ya gari ya kazi, mtu wa kukimbia 8000 aende kwa mashini.

Flaiwili ni kama sahani, ni pana na nyembamba, kwa hivyo kosa lake kubwa liko kwa mstari mmoja tu, na hilo unaweza kulipata bila kuzungusha kwa spidi. Krenki ama propela shafti ndefu huwezi, hizo lazima zizungushwe.

Unatafuta tana (fundi wa leithi) mzuri akuchongee shafti inayoingia kwa tundu la katikati la flaiwili bila kucheza hata kidogo, ncha zote mbili ziwe za duara kamili na laini. Hapo usibanie pesa ju kila kitu inategemea hiyo shafti. Alafu unaweka reli mbili za chuma zilizonyooka, sisi hutumia kingo za vyuma vilivyosagwa, zimelazwa sambamba kwa meza nzito na umepima na pima maji pande zote mbili mpaka shafti tupu ukiiweka haiendi popote. Feni zima, mlango funga. Unalaza flaiwili na shafti yake juu ya reli, unaisukuma kwa kidole kidogo tu, inabingirika polepole, inasimama, inarudi nyuma kidogo, inaenda tena, mpaka inatulia. Pale chini imetulia ndio pazito, unatia alama. Unairudia ukianza na upande mwingine, ikitulia pale pale mara zote unajua hudanganywi na msuguano.

Sasa juu kabisa, kinyume na ile alama, unabandika plastisini ile watoto huchezea shule. Unaongeza na kupunguza mpaka ukiisimamisha flaiwili popote inakaa hapo haitaki kugeuka. Unatoa ile plastisini unaipima, na hapa usitumie mizani ya nyama, tafuta ya sonara inayosoma sehemu ya gramu. Kama plastisini ni gramu 9, unahitaji kutoa gramu 9 upande mzito kwa umbali ule ule kutoka katikati. Ukitoboa karibu zaidi na katikati unatoa zaidi. Plastisini ilikuwa kwa milimita 120 na wewe unatoboa kwa 100, hapo gramu 9 inakuwa karibu 11.

Tundu la milimita 10 lenye kina cha milimita 10 kwa flaiwili ya chuma cha kumimina linatoa gramu tano na nusu hivi. Toboa kidogo, rudisha kwa reli, uangalie, toboa tena. Tundu linapigwa kwa ukingo ama upande wa injini pale chuma ni nene, usitoboe kabisa kabisa ule uso klachi inasugua, wala karibu na tundu za boliti. Na kabla hujaanza utafute tundu za kampuni, flaiwili nyingi huja na tundu mbili tatu za balansi, usije ukafikiria ni mtu alikosea ukazijaza.

Ukifanya vizuri unafika gramu mbili tatu. Kwa Probox ya viazi hiyo ni raha.

DerevaBusia_Ksm
Si rahisi kuongezea uzito upande mwepesi na weldi tu?

Fundi_Kibuye
Weldi kwa flaiwili ya chuma cha kumimina? Itapata nyufa kwa joto, alafu hiyo kitu inazunguka 5000 karibu na miguu yako. Apana bana.

Mwl_Njoro
Na flaiwili ya chuma cha kumimina ikipasuka haipasuki taratibu. Vipande vinatoboa kengele ya gia boksi, ile kava inayofunika flaiwili, na kutoka nje. Tafadhali wadau, hapo Fundi asipingwe.

V8_Elburgon
Tahadhari moja kwa wenye injini za Marekani. Kuna jamaa alipeleka flaiwili ya Ford 302 ikabalansiwa ikawa sawa kabisa, injini ikatetemeka kuliko awali. Hizo injini zimetengenezwa flaiwili ikiwa na uzito wa makusudi upande mmoja, ni sehemu ya balansi ya krenki. Za zamani ni aunsi-inchi 28, za kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980 ni 50, na ukichanganya za zamani na mpya bado umekosea. Ukiona flaiwili ina kipande kikubwa kimemiminwa upande mmoja uliza kwanza.

Mwl_Njoro
Kweli kabisa. Aunsi-inchi 50 ni karibu gramu-milimita 36,000, huwezi kuificha. Silinda nne za mstari kama hizi zetu za Toyota, flaiwili inatakiwa iwe sawa yenyewe peke yake, kwa hivyo Jirah hana hiyo shida. Injini za silinda tatu ulizeni kabla ya kugusa.

wa_dizeli_Kericho
Na zile flaiwili mbili ndani ya moja, zenye springi? Niko na dizeli ya Mjerumani.

Fundi_Kibuye
Hiyo hatuchongi na hatutoboi. Zikilegea unanunua. Pole.

JirahWaShabab
Nimerudi wakuu. Niliachana na wale wa kwanza, nikapeleka kwa fundi mwingine huku Bondeni ambaye alikubali nisimame hapo na simu nikipiga picha (picha zimekataa kuingia, data).

Gia boksi imeshuka. Doweli zinatakiwa kuwa tatu, kulikuwa na MOJA. Na hiyo moja ilikuwa imelegea inatoka kwa mkono. Boliti za kava tano zilikuwa zake na moja ni ya kitu ingine, ndefu, wameiwekea washa mbili ili ifike. Kava ilikuwa imehama unaona kabisa, kuna alama ya kung'aa upande mmoja kwa ukingo pale ilikuwa ikisukuma ile doweli imebaki.

Alafu tukaweka dayo geji (saa ya kupima kama kitu kimepinda) kwa uso wa flaiwili kabla ya kufungua, tukazungusha krenki polepole. Sindano ikatembea kutoka sifuri mpaka robo milimita na kurudi. Fundi akasema kwa Toyota mwisho ni 0.1. Kufungua flaiwili, uso wa krenki una gundi nyeusi ya zamani imekauka na kutu upande mmoja. Tukakwangua na brashi na kipande cha jiwe la mafuta mpaka ikang'aa, tukarudisha na boliti zile zile tukapima tena, 0.08. Sasa nauliza, nifunge ama niendelee na balansi?

Fundi_Kibuye
Wueh. Washa mbili.

Ukiwa umeshafungua fanya yote. Flaiwili itoke iende kwa reli ju hujui yule wa leithi alifanya nini. Nunua doweli mpya tatu za saizi yake, boliti za kava sita mpya. Pleti nayo, iweke kwa shafti na upime na dayo, kwa Toyota haitakiwi kupinda zaidi ya 0.8. Wakati wa kufunga kava zungukia kwa nyota kidogo kidogo, usikaze moja mpaka mwisho alafu uende ingine, inapindisha kava. Hizo boliti ndogo za kava ni 19 Nm tu, toki renchi itumike. Za flaiwili fuata kitabu cha hiyo injini, usikaze kwa kuskia, na kama zinapitia mpaka ndani kwa oili weka gundi ya boliti.

MzeeWaCanter
Washa mbili hata mimi sijawahi.

kijana_wa_bypass
Kwani hizo doweli mtu anapata wapi, ju nimeuliza Nakuru town wananiangalia tu

JirahWaShabab
Mimi nilipata kwa wauza flaiwili za ex-Japan, alinitolea kwa flaiwili mbovu. Duka za spea mpya hawana. Tana pia anaweza kukuchongea kama una ya mfano ya kupima.

Update ya mwisho wa wiki. Flaiwili kwa reli ilikuwa nzito upande mmoja, plastisini ilipimwa gramu 7 na kidogo. Tumetoboa tundu mbili ndogo nyuma, sasa inakaa popote unaiacha. Kava tukaifunga na doweli mpya ikaenda kwa reli nayo, haikuwa mbaya, gramu 2, tukaiacha. Kumbe zile pleti hazikuwa feki.

Gari imefungwa. 3000 imetulia, dashibodi kimya, nimeenda Molo na kurudi na mzigo. Lakini kuna kitu nauliza. Kama 3800 kwenda 4000 bado gia liva inavuma kidogo, si kutikisika kama mwanzo, ni kuvuma kama simu iko kwa vibration. App nikipima kwa 3000 ule mlima wa 50 umeshuka karibu uishe, ule wa 100 uko vile vile ulikuwa. Bado kuna kitu hatujapata?

Mwl_Njoro
Hapana, hiyo ndiyo niliyosema tutaongea. Mlima wa 50 ulikuwa wa klachi na umeondoka. Ule wa mara mbili ya mzunguko ni wa injini yenyewe. Silinda nne za mstari, pistoni mbili zikipanda mbili zinashuka, lakini hazilingani spidi, kwa sababu koni rodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) ikiinama pistoni inakwenda kasi zaidi nusu ya juu ya safari kuliko nusu ya chini. Tofauti hiyo inasukuma injini juu na chini mara mbili kwa kila mzunguko, na hakuna flaiwili inayoweza kuirekebisha, hata ibalansiwe na nani. Mitsubishi ndio walioanza kuuza injini zenye shafti mbili za kuondoa hiyo kitu mwaka 1975, zinazunguka mara mbili ya krenki, moja huku moja kule. Injini yako ya 1NZ haina hizo shafti. Inategemea mauntingi kuimeza.

kijana_wa_bypass
NILISEMA NI MAUNTINGI

Fundi_Kibuye
😂😂😂 Jirah angalia ile ya upande wa gia boksi, kama wameshusha gia boksi mara mbili inawezekana raba imepasuka. Weka jeki chini ya gia boksi na kipande cha mbao, inua kidogo, utaona kama inaachana.

JirahWaShabab
Imeachana. Nitaulizia bei Jumatatu.